Visu Havizunguki, Mjomba

Niboye, Kicukiro,
Kigali.
14 Mei 2025

Mpendwa Mjomba Gakwaya,

Shikamoo. Sasa hivi mjukuu wako Shami amekojolea mto wangu wa kukalia kazini. Mama mkwe huniletea mtoto saa sita nimnyonyeshe, nami nikampakata kwenye kiti cha mashine, imezimwa, ajifanye dereva. Akanitazama usoni, akatabasamu, akamaliza kazi yake. Nimeufungua mto na kuuanika kwenye uzio.

Masikio yanaendeleaje? Niliambiwa simu husikii tena, ndiyo maana nimetafuta kalamu. Sisi wazima. Kidonda cha kupasuliwa kimefunga, maziwa yapo, na Shami ana miezi minne, anachekea hata ukuta.

Mjomba, nina shida. Ile mashine ya kukata nyasi niliyokusimulia, ile unakaa juu yake kama trekta ndogo, tangu nirudi kazini Jumatatu inanikataa. Inawaka vizuri, inakwenda mbele na nyuma, lakini nikivuta swichi ya visu tu, injini inazimika. Nyasi za uwanja wa shule sasa zinafunika viatu.

Nimefuata ulivyonifundisha gereji Kahama, nilipokuwa nakushikia tochi. Nilitoa ufunguo, nikachomoa waya wa plagi, ndipo nikaingiza mkono chini. Nikakwangua nyasi zilizogandamana. Visu vyote vitatu nimevizungusha kwa glavu, hakuna kinachokwama. Mkanda hauna ufa, umekaa kwenye puli zake, springi inauvuta. Betri nzima, fyuzi nzima. Sibomana, mwenzangu wa bustani, naye alikaa akajaribu, ikamzimikia vilevile.

Jana msimamizi wetu, Bertrand, alinitania mbele ya watu: "None se, hebu niambie Mutesi, umezaa wewe au imezaa mashine? Mbona iliyochoka ni yenyewe?" Nikacheka nao. Baadaye akanivuta kando, akasema ikifika kesho asubuhi bado, ataleta dereva mwingine, mimi nirudi kwenye ufagio. Hapa hakuna mwanamke aliyewahi kupewa ufunguo huo kabla yangu. Nilitaka Shami akue akiniona huko juu.

Wewe ulikuwa ukisema, kabla hujalaumu chuma uliza nini kimebadilika. Nimeuliza siku tatu. Naona nimebadilika mimi tu.

Na huo mto, labda. Mama mkwe alinipa alipokuja kunihemba, kunipongeza kwa uzazi, maana hapa mzazi haendewi mikono mitupu. Alikwenda mwenyewe kwa maseremala wa Gisozi akachongesha ubao, akaweka sponji juu, akaufunika kitenge. "Mtu aliyepasuliwa hakalii plastiki," alisema. Tangu Jumatatu nimeufunga kitini kwa kamba. Ni mpana, umelalia mabati ya pande mbili za kiti, hata kiti chenyewe hakibonyei...

Subiri, Mjomba. Chini ya kiti kuna swichi inayobonyezwa na uzito wa anayekalia. Mashine haikubali visu vizunguke kama haisikii mtu amekaa. Siku tatu hizi nimekaa juu ya ubao, na Sibomana naye juu ya ubao huohuo.

Nimemwita ajaribu bila mto, kule nyasini, mbali na watu. Anatafuta ufunguo. Acha nimalize salamu.

Msalimie sana mama mdogo Mukantwari, na binamu Arthur, mwambie anitumie picha ya nyumba yenu mpya. Mungu akurudishie masikio, na akichelewa, akutunzie macho ya kunisoma.

Wako akupendaye, mtoto wa dada yako,
Mutesi

Injini imewaka. Amevuta swichi, haizimiki. Nyasi zinaruka, Mjomba, na Shami mikononi mwa bibi yake amegeuza kichwa kuutafuta huo mngurumo. Bibi anafurahi tu, hajui, mkono wake bado unaupapasa mto kuona kama umekauka. Sibomana anaita, "Mama Shami, acha barua, njoo ukalie kiti chako," basi ngoja nikimbie, ila huyu mama nitamwambiaje kwamba mto wake ndio uliokuwa ukizima mashine?