Mkate wa Mgonjwa

Dada Theodora,

Shikamoo. Huku Puge mpunga umeshachanua. Mwanangu Julieth bado anaharisha.

Nilimwomba daktari kile kipimo ulichonitajia, cha ugonjwa wa tumbo kukataa ngano. Akacheka. "Mama, huo ni wa Wazungu. Ninyi wala ugali mtautoa wapi?" Akampa dawa ya minyoo, mara ya nne hii.

Nikamlisha ugali na uji wa mtama tu, wiki nzima. Dada, alitoka nje akacheza rede! Kisha majirani wakaja kumjulia hali, na unajua kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu: kila mmoja na mkate wake. Alikula kwa adabu. Tumbo likarudi palepale.

Jana niliwatangazia amepona, wasilete tena mkate; nataka nione kama tumbo litatulia bila ngano. Kipimo nilichopata ni huo uongo.

Mdogo wako,
Koleta