Siku Mama Alipompandisha Mtawala Kwenye Lori

Neema mjukuu wangu, Bwana Yesu asifiwe. Huku Buffalo theluji imeyeyuka, na shangazi yako amepata kazi ya kutunza wazee.

Bon, umeniuliza: huko Columbus, Ohio, wakubwa wanataka kuongeza kodi ya kusajili malori, nanyi mna lori moja tu. Je, usimame mkutanoni useme, na Kiingereza chako cha kubabaisha?

Nilipokuwa msichana kwetu Uvira, Kongo, mtawala wa eneo aliwaita wenye malori atangaze nyongeza kama hiyo. Wanaume waliinamisha vichwa. Mama yangu, mjane mwenye lori moja kuukuu, akasimama.

“Mheshimiwa, panda na mimi mpaka milimani kwanza, halafu utaje kodi.”

Nilidhani atafungwa. Yule bwana akapanda! Walirudi kesho yake, suti yake imejaa matope, na mwanamke mjamzito waliyemchukua huko milimani amelaza kichwa mapajani pake. Yule bwana alisaidia kumbeba hadi hospitali. Kodi ikabaki ilivyokuwa.

Mama hakujua Kifaransa, lugha ya wakubwa wale. Alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni.

Wakubwa wa Ohio sijui watajibu nini. Ukitoka mkutanoni, nipigie.

Nakuombea,
Bibi yako