Mdoli wa Mwalimu Chedego

Jumatatu, 3 Machi

Darasani tena, chini ya feni mbovu. Somo: kupanga dirisha la duka la nguo. Mwalimu Chedego, kijana ambaye ningeweza kumzaa, alitaka mfano wa mteja tusiyemlenga. Akaniinua mimi. "Mama, simama kidogo wakuone. Umri huu, umbo hili, nguo zake tunatundika nyuma, karibu na stoo." Darasa likacheka.

Mimi! Niliyewavua nguo wakubwa kwa kalamu. Gazeti nililoliandikia limekufa, kiduka changu cha nguo hakiuzi, ndiyo maana niko chuoni. Sikuja kutundikwa stoo.

Atalipa.

Jumatano, 5 Machi

Nimeandika ukurasa mzima wa kumchamba. Nikauchana. Atasema mama ana hasira, basi. Nataka aibu ya kuonwa na mji. Mtihani wa vitendo ni wiki ijayo: kila mwanafunzi anapewa dirisha la duka la Bwana Jivan kwa siku moja. Nikifeli, narudia muhula. Potelea mbali.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemchunguza Chedego kama askari kanzu. Koti fupi la zambarau. Suruali ya modo, ya kubana, vifundo vya miguu nje. Viatu vya moka bila soksi, kwenye vumbi hili la Dodoma! Kitambaa cha njano mfukoni. Na mkono kiunoni muda wote, kama birika.

Jumanne, 11 Machi

Siku yangu. Bwana Jivan alikuwa na kila kitu, hata zambarau ile. Nikamvisha mdoli, mkono kiunoni, kidevu juu. Shingoni nikamtundika kibao: MZIGO WA ZAMANI, PUNGUZO.

Wanafunzi wenzangu walishikana mabega kwa kucheka. "Jamani, mwalimu kapigwa bei!" "Mama, wewe mkorofi!" Raha tupu.

Halafu akaingia mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Kibaigwa. "Dada, huyu wa dirishani namtaka hivyohivyo, mpaka kitambaa. Mwanangu anaoa." Nyuma yake wakaja wengine. Kufikia jioni koti la zambarau hakuna. Bwana Jivan anachekelea: "Mama, rudi tena, tengeneza mwingine kama huyu!"

Chedego alisimama nje ya kioo, akasoma kibao, akaandika kitu, akaondoka.

Jumatano, 12 Machi

Amenipa alama za juu kuliko wote. Akaniinua tena. "Dirisha kazi yake kuuza. Mama kauza." Amevaa vilevile, hana hata chembe ya haya. Ama hakuona tusi, ama amelimeza bila kukohoa. Nilitaka mji umcheke, nimemtangaza. Nimefaulu mtihani. Yeye nimemkosa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimewaona vijana wawili sokoni, wamevaa kama mdoli wangu. Vifundo nje. Nimetema mate.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani. Baada ya ibada walitangaza ndoa. Kijana akasimama, benchi la mbele yangu. Si mwana wa yule mama wa Kibaigwa, wazazi waliotajwa ni wengine kabisa. Zambarau, modo, kitambaa cha njano. Mchumba wake alikuwa akimnyoosha kola, taratibu, kama mtu anayeshika kitu cha thamani.

Akageuka. "Shikamoo, mama."

Marahaba. Nilikuwa na neno la kumchoma, limekaa tayari ulimini.

Nikamwambia amependeza. Na kweli, alikuwa amependeza.