Kumfundisha Skola Kusonga Ugali kwa Mdomo Tu

Jumatano, mwezi wa Saba. Upepo tangu alfajiri, na baridi ya kukata masikio. Nimeamka na kifua kizito.

Zimebaki siku tatu. Jumamosi lori la mfanyabiashara mmoja wa Sumbawanga mjini litapita hapa Kate likitoka Kipili, nami nitapanda nyuma, peke yangu na magunia ya dagaa, nianze safari ya hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu. Dresa wa zahanati hajui nitakaa huko muda gani. Nilimwuliza kama watu hurudi. Akasema, "Wengine hurudi, mama." Kisha akaanza kupanga chupa zake.

Naandika kwa sababu hakuna anayekaa karibu nami kuzungumza. Namshukuru sista aliyenifundisha kushika kalamu.

Wanangu ni wawili. Skola ana miaka tisa, Yustina ana minne. Baba yao alikwenda kwenye migodi ya shaba Rodeshia, na huu ni mwaka wa pili bila barua. Watabaki na mama mkwe wangu, ambaye macho yake yamekwisha kabisa na mikono inamtetemeka. Wifi yangu alikuja Jumapili, akasimama njiani, akanisalimu kwa mbali, akaondoka. Simlaumu.

Hapana, naandika uongo. Namlaumu sana.

Kwa hiyo atakayepika ni Skola.

Ningekuwa mzima ningemshika mikono, kama mama yangu alivyonishika mimi, mwiko mmoja mikono minne. Lakini dresa amenikataza kuwakaribia watoto na kugusa chakula chao. Nakaa kwenye mkeka nje, hatua kumi kutoka mlango wa jiko, upande ambao upepo unatoka kwao kuja kwangu. Nafundisha kwa mdomo tu.

Na mambo ya jikoni ni magumu kuyasema. Juzi nilimwambia, "Ongeza unga mpaka uwe mzito." Akauliza, "Mzito kama nini, mama?" Miaka yote hii nimesonga ugali, na uzito wake siujui kwa maneno. Nikamwambia, kama udongo wa kufinyangia chungu. Akacheka. Juzi alikuwa bado anacheka.

Leo ilikuwa ugali wa ulezi. Maji yalichemka, akakoroga uji vizuri, hauna hata donge moja. Nikaanza kufurahi. Halafu nikaona figa moja limelegea na chungu kimeinama upande wake. Nilifungua mdomo nimwambie aache, kikohozi kikanikamata. Nikakohoa, nikakohoa, neno halitoki. Nikapunga mkono. Hakuniona. Alikuwa amekaza macho kwenye chungu, kama nilivyomfundisha.

Chungu kikapinduka. Uji wa moto ukamwagikia mguu wa kushoto.

Alipiga kelele, akatoka mbio. Hakukimbilia kwa bibi yake aliyekuwa karibu na mlango wa jiko. Alikuja kwangu, mikono mbele.

Nikainua fimbo yangu nikamwelekezea, kama mtu anayefukuza mbuzi shambani. "Simama hapo! Usinisogelee!"

Akasimama.

Uso wake siwezi kuuandika. Nadhani hata maumivu ya mguu aliyasahau.

"Mama," nilimwita mkwe wangu, "mtungi uko upande wako wa kulia. Rudi nyuma kidogo. Hapo hapo. Chota maji. Skola, mfuate Bibi." Mama mkwe akapapasa mpaka akaupata ule mguu, akaumwagia maji, kata baada ya kata, akimbembeleza mtoto kwa Kifipa. Mimi nimekaa kwenye mkeka na macho yangu mazima, naangalia.

Ngozi imebabuka kuanzia vidoleni mpaka kwenye kifundo. Anatembea, lakini anachechemea.

Nilisema tuache kwa leo. Skola ndiye aliyekataa. Hakunitazama. Alilikaza lile figa kwa kipande cha jiwe, akachukua chungu kidogo, akabandika maji upya. Akasonga peke yake, mguu mmoja ameunyoosha pembeni. Alipomaliza akanipakulia, akaiweka sahani yangu katikati ya uwanja, akarudi nyuma, ndipo nikaenda kuichukua.

Ndani ugali ulikuwa mbichi. Unga mkavu kabisa.

Nilitamani kumwambia umeiva. Mtoto ameungua, nimemfukuza kwa fimbo, angalau asikie kwamba ameweza. Lakini Jumapili sitakuwepo, na Yustina huumwa tumbo kwa kitu kidogo tu. Nikasema, "Haujaiva, mwanangu. Punguza moto, ufunike, usubiri."

"Ndiyo, mama." Akakirudisha chungu motoni. Sauti yake ilikuwa kama anamjibu mgeni.

Wangu niliula wote, mbichi hivyo hivyo.

Sasa jua linashuka na upepo haujatulia. Wamekwisha kula. Muda mfupi uliopita Yustina aliingia jikoni akataka kusukuma kuni, kama anavyomwona dada yake. Nilitaka kumkemea, lakini Skola aliniwahi.

"Toka hapo," alimwambia. "Ukiungua, mama hawezi kukubeba. Usimkimbilie mama. Unaniita mimi, umesikia?"

Yustina akasema amesikia.

Nilikuwa nimepanga ya kumfundisha kabla ya Jumamosi: uji, ugali, maharage, kuwasha moto kuni zikiwa mbichi. Hilo sikulipanga. Amelishika kwa siku moja.

Kesho asubuhi tutabandika maharage, kama bado atakubali kunisikiliza.