Mchoro wa Ukoo Wetu Una Kosa

Dada Mwanahawa, shikamoo.

Basi nikawa nakwambia, simu ikakatika, na bora ilivyokatika maana nilisikia umeweka sauti kubwa na shemeji yuko hapo anacheka. Siku zote Zuhura hapa kwangu ndiye ananiandikia, leo naandika mwenyewe, vumilia mwandiko. Jirani anakuja mnadani Chemba, atakuletea. Isome peke yako.

Mguu unaendeleaje? Yule mbuzi aliyekula kanga yangu bado mnamfuga? Mimi mzima, maandazi yanatoka, wanafunzi wa hapa Chimwaga wanakula kama nzige. Ila roho haitulii.

Yule daktari Neema, mteja wangu wa asubuhi, anafanya utafiti wa macho. Anatafuta familia kama yetu. Baba alipofuka, kaka Juma akafuata, na mimi jioni nagonga milango kama kuku mgeni. Akachora ukoo wetu wote: wanaume maboksi, wanawake viduara, tunaoumwa katupaka weusi. Mimi ndiye niliyekuwa namtajia, unanijua kwa kutaja watu, nikamtajia mpaka wake wa mjomba walioachika.

Nikamuuliza, sasa damu zetu zitamwambia nini. Akaniuliza, maziwa yakipungua kila siku nyumbani, mwizi nitamjuaje? Nikasema naangalia nani alikuwepo kila yalipopungua. Akasema ndicho wanachofanya. Wanafuata vipande vya urithi vinavyotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Kipande kinachoonekana kwa wagonjwa na kukosekana kwa wazima, ugonjwa uko jirani yake. Siku moja inaweza kuwa bahati mbaya tu, ndiyo maana wanataka ndugu wengi, wanapiga hesabu mpaka bahati ikose pa kujificha.

Sasa dada, Zuhura nimemtaja chini yako, kama uliyemzaa wewe. Ulimi ulishazoea. Tangu mama alipombeba kutoka kwangu siku ya arobaini ya uzazi wangu akakuwekea mapajani, akasema Mwanahawa naye aitwe mama, mimi naongea ya watu wote ila hilo sijawahi kulitoa. Wewe macho yako mazima, kwa hiyo daktari kamwandika Zuhura kuwa hayumo hatarini. Na Jumatano wanakuja huko kuchukua damu yako.

Nikajifanya nauliza kwa ajili ya jirani. Nikasema kuna mama fulani pale Kizota, mtoto wake analelewa na dada yake, je, hesabu itaharibika? Neema akaweka andazi chini. Akaniambia, "Mama, damu itakataa mchoro. Kuchora upya ni kazi ndogo, na sitamwambia mtu. Lakini huyo mtoto wa jirani ana haki ya kupimwa macho mapema, na hilo lazima asikie kwa mama zake."

Mama zake, kasema. Wawili. Nikamfungia maandazi mengine, nikakimbilia jikoni.

Sitaki kukunyang'anya mtoto, dada. Yeye ni wako, wewe ndiye uliyekesha naye kwa surua. Lakini juzi kakanyaga ndoo iliyokuwa mbele yake, maji yote chini. Tukacheka, nikamwambia akili yake iko kwa mchumba. Usiku mzima sikulala. Naomba upande basi uje kabla ya Jumatano, tumwambie tukiwa wawili, wewe umshike mkono, mimi niongee, maana kuongea ndiyo kazi niliyopewa. Ukikataa nitaheshimu, ila daktari nitamwambia kiduara hakiko mahali pake.

Msalimie shemeji, na mama mkwe wako mwambie dawa ya kikohozi nimeipata. Wifi mke wa Juma mpe pole ya kumwongoza mgonjwa. Mchungaji wetu wa mbuzi naye, mwambie yule mla kanga auzwe.

Nilikuwa nataka kukueleza na habari ya yule mpangaji aliyehama na mlango wa watu, lakini Zuhura ananiita kutoka chumba cha uani. Anasema, "Mama mdogo, niwashie taa, natafuta daftari silioni."

Dada, nje bado kweupe. Watoto wanacheza mpira.

Ngoja niende.

Mdogo wako,
Amina