Hapana Moja Tu

Bweni la Wanafunzi wa Mafunzo,
Ghorofa ya Chini, Mlango wa Kijani.
Jumapili, 9 Novemba

Mpendwa Bibi, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Mumeo sijambo kwa afya, ila moyo hauko sawa, na sababu utaikuta huko chini. Hujambo wewe? Goti limepungua kuuma? Na fizi je? Mama aliniambia siku hizi hata mkate unauchovya kwanza. Nilicheka, kisha nikaona si jambo la kucheka.

Hapa baridi imeanza. Mwenzangu wa chumbani, anayejifunza kushona viatu, anakoroma hadi kabati linaitikia. Nimemzoea, hata akisafiri usingizi hauji.

Najua uliwatangazia majirani kwamba nimekuja kusomea udaktari wa meno, nami sikukusahihisha. Ukweli ni kwamba najifunza ufundi wa meno ya bandia. Sisi tuliokuja kwa mpango huu wa kubadilishana mafunzo tunaanzia karakana ya chini, kumimina plasta, ule unga mweupe unaokorogwa na maji ukaganda, kwenye alama za vinywa vya watu tusiowajua. Meno yenyewe hupangwa ghorofa ya juu, na huko hupelekwa wale tu wanaobaki kwa sehemu ya pili. Ndiko nilikotaka kujifunza kukutengenezea yako.

Bibi, sipandi tena huko juu. Nafasi nimeipoteza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Wenzangu walimfuata mkuu wa karakana mmoja mmoja, wakajiombea. Mimi nilikaa nikingoja kuitwa, maana ndivyo ulivyonilea, mgeni hajikaribishi chumba cha ndani. Mkuu tunamwita Mzee Taratibu, kwa jinsi anavyokunywa chai. Aliponiona kimya alikuja mwenyewe mezani pangu, akauliza, "Kwani wewe hutaki kuendelea?"

Nikajibu, "Hapana," nikainamisha kichwa kwa adabu.

Wewe ungenielewa papo hapo. Kwetu mtu akiuliza, "Hujala?" ukijibu ndiyo, basi ni kweli hujala, ukijibu hapana, umeshakula. Hapana yangu ilikuwa ya kusema si kweli, nataka sana. Kumbe kwa lugha ya hapa, aliyeulizwa hivyo akajibu hapana, amekataa. Mzee akanigusa bega, akaenda zake. Nami nikajua nimekubaliwa.

Wiki iliyofuata nikakuta meza yangu imewekewa maua. Wenzangu wakanipa mikono, mmoja akafuta hata machozi. Walikuwa wananiaga, Bibi, wao wakijiandaa kupanda juu. Mimi nikadhani wananipongeza, nikawashukuru meno yote nje, nikasema sijawahi kufurahi hivi. Sijui waliniona mtu wa namna gani.

Nilikuja kujua siku nilipouliza huko juu nitakaa meza ipi. Mzee Taratibu aliweka chini kikombe chake cha chai. "Lakini ulisema hapana," akasema. Nilipomweleza, akaketi, akavua miwani. Alisikitika kweli, ila nafasi alikuwa ameshampa binti wa nchi nyingine, naye ameshafika na kuanza kazi. Na mpango wenyewe haumpokei mtu mara mbili. Maji yakimwagika hayazoleki. Binti ni mtu mwema, ananisalimu kila asubuhi, na inaniuma zaidi kwamba hata kumchukia siwezi.

Wanasema majuto ni mjukuu. Basi huyu wako anayo ya kuutosha ukoo mzima. Laiti ningeongeza neno "nataka"! Nimelala nalo, nimeamka nalo, nalisema peke yangu nikiosha mabakuli ya plasta. Malezi yako siyalaumu. Ninachojuta ni kwamba niliyabeba hadi huku bila kuuliza kama yanaeleweka.

Narudi mwisho wa mwezi. Kumimina plasta nimeiva, lakini kupanga hata jino moja sijui. Mama amenieleza kwamba daktari wa mjini alitaka kukupima, ukamkatalia, ukamwambia kinywa chako kina fundi wake. Tafadhali Bibi, rudi kwake wiki hii hii. Usiningoje.

Nisalimie Mama, shangazi, na mjomba kinyozi na watani wake wote wa kibarazani. Dada mwambie viatu alivyoagiza nitavileta, mkoromaji wangu ameshavimaliza.

Mungu akutunze, akurudishie hamu ya kula. Nikifika nataka nikukute unatafuna, japo kwa kazi ya mkono wa mwingine. Nitayatazama meno yako kwa karibu, kifundi, na nitayasifu. Wakati huo tu, mke wangu, usinitazame usoni.

Wako akupendaye siku zote,
Mumeo mdogo