Kucha Nyekundu Kwenye Darasa la Kale

Mama Mwalimu, shikamoo. Dada akusomee hii polepole.

Niko Sydney, kwenye warsha ya walimu, tumekaa ndani ya shule iliyojengwa enzi za ukoloni. Jua linapenya vioo vyake vya kale likitetema sakafuni kama maji, na chumba kizima kinanukia moshi wa kuni. Akaingia mama mmoja wa hapa, gauni jeusi refu, anaigiza mwalimu wa zamani. Akasema, "Mikono juu ya dawati!"

Wenzangu wakacheka. Mimi nikasimama wima, halafu nikaificha mikono mgongoni, maana kucha nimezipaka rangi nyekundu. Ghafla nikawa darasa la pili, Jumatatu asubuhi mstarini, nakungoja wewe. Ulikuwa ukianza kunikagua kucha mimi, watu wasije wakasema unampendelea mwanao.

Yule mama akanifikia, akachungulia, akaninong'oneza, "Rangi nzuri."

Machozi yakanilengalenga, Mama. Nilitaka unigombeze wewe.

Upasuaji wa macho uende salama. Siku daktari akikufungua bandeji, nipigie simu ya video, uanze na mimi kama zamani. Rangi sijaifuta.

Mwanao, Neema